Kope Iliyogeukia Ndani: Niliyojifunza kwa Daktari wa Kope hapa Brussels



Mhariri aliniomba makala ya kitaalamu kutoka fani yangu, yaani uhandisi wa mitambo, nami nikamwahidi kurasa mbili juu ya msuguano na uchakavu wa vyuma. Mtanisamehe. Tangu mwezi wa kumi na moja nimekuwa nikisoma kitu kingine kabisa, kope za macho, na sababu yake ni bibi yangu mzaa mama aliyeko Kongwa, mkoani Dodoma. Ila msuguano na uchakavu vimo humu humu, kwa hiyo ahadi nimeitimiza nusu.

Mambo yalianza na chokea, kile kijipu cha ukingoni mwa kope ambacho utotoni tulitaniwa kuwa kinampata anayechungulia watu wakioga. Cha kwangu kilikataa kuiva. Kikawa kidonge kigumu kisichouma, miezi mitatu mizima. Wenzangu pale Matonge walinishauri kila kitu kuanzia chai ya moto hadi maombi. Mwisho nikaenda hospitali. Daktari wa macho akanitazama kwa darubini yake, akasema jicho lenyewe ni zima, hii ni kazi ya mwenzangu wa kope. Nikadhani ananitania. Daktari wa kope? Kumbe wapo bwana.

Huyo mwenzake alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Lubumbashi (jina lake silitaji, ndivyo alivyotaka). Aliposikia natoka Tanzania akaacha Kifaransa, tukaanza Kiswahili, yeye cha Katanga mimi cha Dodoma, tukawa tunakutana katikati. Aliigeuza kope yangu nje ndani kama mtu anavyogeuza mfuko wa suruali, akapasua kidogo kwa upande wa ndani, akakwangua yale mafuta yaliyoziba, basi. Hata robo saa haikuisha. Nikiwa nimekaa na pamba jichoni nikamuuliza swali la kihandisi: hii kope kazi yake hasa ni nini, mpaka iwe na daktari wake peke yake? Alicheka, akavuta karatasi, akachora. Mengi yafuatayo yanatoka kwenye karatasi ile, na mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Kiswahili chetu kinaita kope ile ngozi inayofunga jicho na pia nywele zake. Hapa nitasema kope kwa ile ngozi, na nywele za kope kwa zile nywele.

Kope ya juu ina tabaka mbili. Ya nje ni ngozi na msuli wa kufumba. Ya ndani ni bamba gumu kidogo, unene wake kama milimita 1 na kimo chake kama milimita 10, lililofunikwa na utandu laini unaogusa jicho. Ndani ya bamba hilo mna tezi za mafuta zaidi ya ishirini zilizojipanga kama meno ya kitana, na mafuta yake ndiyo yanayozuia machozi yasikauke upesi. Chokea yangu ilikuwa mojawapo ya tezi hizo, imeziba. Kuna msuli wa kuinua kope na mwingine wa kuifumba, na kila mmoja una mshipa wake wa fahamu. Ndiyo maana mtu anaweza kushindwa kufumbua na bado akaweza kufumba, au kinyume chake.

Sasa fikirieni kipangusio cha kioo cha gari. Kope ni hicho, tena kinajipaka mafuta chenyewe. Tunapepesa karibu mara 15 kwa dakika. Kwa saa 16 za kuwa macho ni mara 14,400 kwa siku. Hakuna kipangusio cha gari kinachofanya kazi hiyo miaka sabini bila kubadilishwa mpira. Lakini mpira ukiingia kokoto, kila mpanguso unachora kioo. Shikeni mfano huo, tutaurudia.

Nyuma ya jicho kuna tundu lake, kikombe cha mifupa 7 kinachobeba kama mililita 30, yaani vijiko sita vya chai. Jicho lenyewe linachukua kama 7 tu kati ya hizo. Nafasi iliyobaki ni ya misuli, mafuta na mishipa. Ukuta wa upande wa pua ni mwembamba kama karatasi, na sakafu nayo si imara. Mtu akipigwa ngumi ya jicho, sakafu inaweza kupasuka na msuli ukanaswa kwenye ufa, jicho likashindwa kutazama juu. Ikiwa kuna kitu kinachokua ndani ya kikombe, jicho halina pa kwenda ila mbele, basi linatokeza. Mtoto mwenye jicho linalotokeza ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Huko kwetu inaweza kuwa saratani ya jicho ya watoto iliyochelewa (ile ambayo mwanzoni huonekana kama weupe ndani ya mboni, hata kwenye picha), au ile saratani aliyoieleza Denis Burkitt mwaka 1958 alipokuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, ambayo hushika taya na mara nyingine tundu la jicho. Hiyo ya Burkitt hutibika vizuri kwa dawa ikiwahiwa.

Kope, njia za machozi na tundu la jicho, hiyo ndiyo himaya ya daktari huyu. Ni fundi wa nyumba ya jicho, si wa jicho lenyewe. Na safari ya kufika hapo ni ndefu, wale mnaosoma udaktari mnisikilize. Kwetu Tanzania ni miaka 5 ya shahada ya kwanza, 1 ya mafunzo kazini, kisha shahada ya uzamili ya macho, Muhimbili au KCMC kule Moshi, mingine 3 au 4. Hapo umekuwa daktari bingwa wa macho, unatoa mtoto wa jicho, unatibu presha ya macho. Ukitaka kope na tundu la jicho, unaongeza mwaka mmoja au miwili chini ya mkono wa aliyebobea, mara nyingi nje ya nchi. Tangu 2012 kuna chuo cha madaktari bingwa wa macho cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COECSA, chenye makao Nairobi, ambacho kinajaribu kuweka mitihani na mafunzo ya ubobezi huku huku nyumbani. Daktari wangu alisema angekuwa na miaka 30 leo angeanzia huko. Wakati wake hakikuwepo, akaja Ubelgiji, na unajua ukija unavyobaki.

Halafu akaniuliza, kwa mazoea tu, kama kwetu kuna mtu ana matatizo ya macho. Nikamwambia bibi ana vikope. Kalamu yake ikasimama.

Vikope tunaita nyumbani, kitaalamu trakoma. Ni ugonjwa wa kuambukiza unaosababishwa na bakteria anayeitwa Chlamydia trachomatis. Huanza utotoni: macho mekundu, tongotongo, nzi usoni. Unaenda kwa vidole, kwa kanga inayofuta uso wa mtoto huyu na yule, na kwa nzi wanaozaliana penye kinyesi kilichoachwa wazi. Mara moja tu haudhuru sana. Shida ni kurudi na kurudi kwa miaka, kila safari ukiacha kovu dogo upande wa ndani wa kope. Mliowahi kuona ubao mbichi ulioanikwa juani mnajua: upande unaokauka unajikunja na kuuvuta ubao wote. Kovu linafanya vivyo hivyo. Tabaka la ndani linafupika, la nje linabaki na urefu wake, ukingo wa kope unapinda kuelekea ndani, nywele zinaanza kukwaruza jicho. Hiyo ndiyo kokoto kwenye kipangusio. Nywele kumi zikigusa, mara 14,400 kwa siku, pigeni hesabu wenyewe. Kioo cha jicho kinachubuka, kinaota ukungu mweupe, na ukungu huo haurudi nyuma.

Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa na ugonjwa huu hadi mara nne zaidi ya wanaume, na inaelekea ni kwa sababu wao ndio wanaolea watoto. Bibi yangu alilea wanane wa kwake na sisi wajukuu sijui wangapi.

Niseme jambo ambalo sikumwambia daktari siku ile. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kibano. Kuanzia darasa la pili, kila baada ya wiki mbili tatu, bibi alikuwa anakaa kwenye kigoda mlangoni penye mwanga, ananipa kibano kilichofungwa kwenye ncha ya kanga, nami namng'oa nywele za kope. Nilichaguliwa kwa kuwa macho yangu yalikuwa makali na mikono haitetemeki. Nilijivuna sana. Miaka ishirini baadaye nasoma kwamba nywele ikikatika badala ya kung'oka huacha kisiki kigumu kinachokwaruza vibaya kuliko nywele nzima. Nilikata ngapi? Usiku ule sikulala vizuri.

Nilipomwambia, safari ya pili, alinipa moyo kwa njia ya wasomi, yaani alinipa utafiti. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya Ethiopia kwa watu 1,300 wenye nywele chache zinazogusa jicho: nusu walifanyiwa upasuaji, nusu walipewa vibano vizuri na mtu wa nyumbani akafundishwa kuving'olea. Baada ya miaka miwili nywele zilirudi zaidi kwa watu wa kibano, hilo ni wazi, lakini kwa uoni na kwa makovu ya kioo cha jicho hawakuona tofauti ya maana. "Kibano chako kilimlinda nkambo," akasema (kwao bibi ni nkambo). "Sasa ana nywele ngapi?" Nikasema mjomba anadai kope nzima imelala. Basi hiyo si ya kibano tena, akasema.

Hapo akanipeleka dirishani na kunionyesha mji. Wewe unadhani ugonjwa huu ni wa Kongwa, akasema, kumbe ulikuwa hapa hapa. Na ni kweli, nimeenda kusoma. Majeshi ya Napoleon yaliyokwenda Misri mwaka 1798, na ya Waingereza waliopigana nayo huko, yalirudi na macho mabovu, na kwa miaka mingi baadaye makambi ya Ulaya yakawa yamejaa ugonjwa huo. Ubelgiji ilipopata uhuru 1830 jeshi lake changa lilikuwa linaugua vibaya. Mwaka 1834 serikali ikamwita profesa kutoka Berlin, Jüngken, atoe ushauri. Ushauri wake? Warudisheni wagonjwa makwao. Wakarudishwa, kila mmoja na tongotongo zake, wakaambukiza vijiji. Sisi wahandisi tunaita hiyo kutatua tatizo kwa kulisambaza.

Katikati ya balaa hilo ndipo daktari mmoja wa kijeshi, Florent Cunier, alianzisha hapa Brussels mwaka 1838 jarida la macho, Annales d'Oculistique. Alikufa 1853, akiwa na miaka arobaini na kitu tu. Miaka minne baadaye, Septemba 1857, madaktari wa macho wa nchi mbalimbali wakakutana mji huu huu kwa mkutano wao wa kwanza wa kimataifa, na ugonjwa wa macho wa askari ulikuwa kwenye ajenda. Kijana wa Berlin, Albrecht von Graefe, akiwa hata miaka 30 hajafika, alieleza pale upasuaji wake wa presha ya macho. Baba yake, Karl, ndiye aliyekuwa ametumia mwaka 1818 jina ambalo hadi leo wanaliita urekebishaji wa kope. Ukoo wa kope kwa kweli.

Trakoma iliondoka Ulaya polepole, maji yalipofika majumbani, watu walipoacha kulala wamebanana, na dawa zilipopatikana. Huko kwetu mkakati una sehemu nne: upasuaji kwa waliopinda kope, dawa kwa jamii nzima, kunawa uso, na maji pamoja na vyoo. Kongwa ni mahali maarufu katika habari hii, ingawa wengi wetu tuliozaliwa huko hatujui. Utafiti wa kunawisha watoto nyuso uliofanyika Kongwa ulichapishwa mwaka 1995 na unatajwa mpaka leo. Dawa ya azithromaisini, inayotolewa bure na kampuni iliyoitengeneza, ilianza kugawiwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na Tanzania ilikuwa katika nchi tano za kwanza. Oman, ambako ndugu zetu wengi wapo, ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kwamba imeutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii, mwaka 2012. Malawi ilithibitishwa 2022, Burundi 2025. Inawezekana, yaani.

Lakini dawa hainyooshi kope iliyokwisha kupinda. Hiyo inataka kisu. Kope inachomwa ganzi, mgonjwa yu macho anaongea. Kwa njia moja fundi anapasua tabaka zote, milimita 3 hivi juu ya ukingo, kisha anauzungusha ukingo utazame nje na kuushikiza kwa nyuzi. Kwa njia nyingine anapasua kwa ndani tu, utandu na bamba, ngozi ya nje haiguswi. Nusu saa hivi kwa kope moja. Na hapa kuna jambo lililonishangaza: kazi hii kwetu haifanywi sana na mabingwa. Inafanywa na wauguzi na maafisa tabibu waliofundishwa, kwenye zahanati, juu ya meza ya kawaida. Daktari wangu alisema bila aibu kwamba muuguzi mzuri wa wilaya amenyoosha kope nyingi kuliko yeye maishani mwake.

Tatizo ni kwamba kope hurudi. Bibi alifanyiwa jicho la kulia miaka mingi iliyopita, likakaa vizuri, kisha nywele zikaanza tena kugusa. Akaapa hatalala tena kwenye meza ile. Na sasa ni macho yote mawili. Nilitaka kumlaumu aliyemfanyia, kwa kweli nilikuwa nimeshaanza. Nikasoma kwanza. Katika majaribio makubwa ya Ethiopia yaliyochapishwa 2016, kwa watu 1,000, ndani ya miezi 12 nywele zilirudi kwa asilimia 22 ya waliopasuliwa tabaka zote na asilimia 13 ya waliopasuliwa kwa ndani. Hao ni watu waliofanyiwa na mafundi waliochaguliwa na kusimamiwa! Wahandisi nao walijaribu. Kilitengenezwa kibanio maalumu cha kushika kope ili mkato uwe sawa kila mara, kikajaribiwa kusini mwa Tanzania, matokeo yakachapishwa 2013: hakikupunguza kurudi kwa nywele. Mimi nilikuwa na hakika kingefaulu, mchoro wake ni mzuri kweli. Kilichosaidia zaidi ni vitu visivyo na fahari: dozi moja ya azithromaisini baada ya upasuaji, ambayo katika majaribio ya 2006 ilipunguza kurudi kwa karibu theluthi, na kufundisha mikono kwenye kichwa cha bandia chenye kope za mpira kabla ya kumgusa mtu. Kovu linaendelea kuvuta hata baada ya uzi kutolewa. Si ubao uliokwisha kukauka, ni ubao ambao bado uko juani.

Na hapo ndipo bingwa anapohitajika. Kope ya kwanza ni ya muuguzi. Kope iliyorudi, yenye kovu juu ya kovu, mara nyingine inataka tabaka zitenganishwe upya, hata kipande cha utandu kutoka ndani ya mdomo kishonwe kuongeza urefu wa ndani. Ndugu zetu wa udaktari wanaouliza kama kuna kazi nyumbani kwa mtu wa ubobezi huu, jibu langu ndilo hilo. Wako wanaosubiri, na mmoja namjua kwa jina.

Nilimpigia mjomba nikampa maswali ya kuuliza hospitali, nayaandika hapa kwa yeyote mwenye mzazi wa namna hiyo. Nani atafanya, na ameshafanya za marudio? Atapasua kwa ndani au tabaka zote, na kwa nini? Atapewa azithromaisini? Nyuzi zitatolewa siku ya ngapi, na nani atamtazama tena baada ya miezi mitatu au sita? Mjomba alisema nimegeuka mkaguzi wa serikali. Akauliza kwa hiyo.

Bibi mwenyewe alikuwa mgumu zaidi. Alisema ukungu wa jicho la kulia hautoki, kwa nini ateswe. Nikamwambia kweli hautoki, sikumdanganya, ila la kushoto bado ni safi nusu, na maumivu ya yote mawili yatapungua. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza kama daktari huyo ana mikono isiyotetemeka. Nikasema sijamwona. Akasema basi niwe kwenye simu wakati huo, nimsikilize anavyoongea.

Ni Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi ya Dodoma, yaani saa moja hapa, bado giza. Nimeshaomba ruhusa maabara.